Rangi ya Shingo ya Njiwa

Jumatatu, 4 Machi

Mama kapiga simu. Jicho la kushoto limeingia ukungu, la kulia linafuata. Anataka kuniona kabla hajaanza kunijua kwa sauti tu. Nikamwambia naja. Miaka yote nasema naja.

Ila safari hii nina mpango! Sarafu ya bibi. Ya zamani, fedha tupu, ile ya kutengenezea mikufu. Siku tunaondoka nyumbani bibi alitupa moja moja, mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba, kila moja imefungwa kwenye karatasi ya majani ya chai. Kesho tunazipeleka kwa muuza sarafu nyuma ya stesheni. Nauli hiyo!

Nimeifungua yangu. Aibu! Imegeuka zambarau na bluu, kama shingo ya njiwa. Mimi ndiye ninayesugua vitasa vya shaba vya jengo zima, toka mlango wa mbele mpaka lifti ya wakubwa, halafu nimpelekee mtu uchafu? Nikatoa kitambaa na dawa ya kazini. Nimesugua mpaka nikayaona meno yangu ndani yake, pamoja na lile bovu.

Binamu kalala chali ananitazama. Kasema yeye hata karatasi hafungui, mkono unamuuma. Mvivu huyu hata kuzaliwa alichelewa. Nimemcheka sana. Kesho atajua.

Jumanne, 5 Machi

Nimejua mimi.

Muuza sarafu kaanza na ya binamu. Kaweka kioo jichoni, kamwita mkewe naye aje atazame. Kisha kachukua yangu. Kaniuliza nani kaifanya hivi. Nikajibu kifua mbele: mimi mwenyewe, mzee wangu! Kafumba macho kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Kumbe ule haukuwa uchafu. Fedha ikikaa na hewa na karatasi miaka mingi inavaa rangi yenyewe, ikianzia ukingoni, njano, kisha nyekundu, kisha bluu, kila moja ikiingia polepole kama mvi. Wanaozikusanya wanalipia rangi hiyo kuliko fedha yenyewe. Kasema mimi nimemchuna ngozi mzee wa watu nikadhani namwogesha.

Ya binamu: nauli ya kwenda nyumbani, na chenji. Yangu: uzito wake tu, na uzito wake haunifikishi hata mpakani.

Binamu katangulia mbele njia nzima akipiga mluzi. Hajui hata wimbo mmoja mpaka mwisho.

Alhamisi, 7 Machi

Sijakunja mikono. Rangi iliyotoka inaweza kurudi! Mlinzi tunayekaa naye chumbani, yule wa kitanda cha juu yangu, kasema vijiko vya fedha vya tajiri wake wa zamani vilikuwa vinakuwa vyeusi vikigusa yai. Nilimkumbatia. Kaniuliza kama naumwa.

Nimechemsha mayai, nimeyaponda, nimeyatia kwenye kopo la maziwa pamoja na sarafu, nimefunga kifuniko, nimesukuma mvunguni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama kuchungulia mpaka kiuno kimegoma, na kesho kuna ngazi za kusugua.

Kilichomchukua bibi maisha yake yote mimi nakimaliza kwa siku mbili. Tatizo la wazee wetu ni kukosa haraka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefungua kopo. Rangi! Machungwa, bluu, kijani kidogo, nyeusi pale kiini kilipoganda. Njiwa gani? Hii ni kasuku!

Mlinzi hana furaha. Yeye analala mchana, na kopo limevuja harufu tangu jana. Kabeba godoro lake kalitandika koridoni. Kasema amewahi kulinda chumba cha maiti, na kule wenyeji walikuwa na adabu kuliko mimi. Nikamwambia nikipata nauli nitamnunulia uturi. Kajibu ninunue wangu kwanza.

Binamu kanusa sarafu, katikisa kichwa. Kasema ndugu yangu, hii hata mimi mvivu naona imepakwa. Wivu tu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kwa muuza sarafu baada ya kazi. Nimevaa kofia mpaka kwenye nyusi na miwani ya mlinzi ili asinitambue. Sioni kitu na miwani ile. Nikamsalimia mkewe "shikamoo, mzee wangu". Muuza sarafu kaitikia kutoka upande wa pili, kisha kanikaribisha: haya, fundi wa kung'arisha, leo umeleta nini?

Hakutumia hata kioo. Kanusa! Kisha kanihurumia, kanionyesha. Rangi ya kweli inapandana kwa mpangilio. Yangu imerukaruka kama mbuzi. Tena imeingia ndani ya mikwaruzo ya kitambaa changu, kwa hiyo mikwaruzo ilitangulia. Kasema hii ni poda juu ya kidonda.

Nikamwomba dawa. Kasema ipo moja: ifunge kwenye karatasi, iweke, isahau miaka hamsini. Nikamuuliza kama arobaini haitoshi. Mkewe katoka nje kucheka.

Nimerudi kwa miguu. Mvua. Mama anazeeka na mimi nanuka mayai.

Jumamosi, 16 Machi

Binamu kaondoka. Begi moja, mabega mepesi. Nilimbebea mpaka kwenye basi ili asiseme nina kinyongo. Ninacho.

Kaniuliza amwambie nini shangazi. Nikasema mwambie niko njiani. Kasema basi njia yako ndefu, kaka. Nikamtania kwamba angalau kitanda chake nitakilalia mimi. Hakucheka, nami sikucheka.

Kitanda chake kina bonde katikati. Nimelala humo. Harufu ya mafuta yake ya nywele bado ipo.

Jumapili, 24 Machi

Mama kapiga simu. Binamu kafika. Mama kasema alimshika binamu uso kwa mikono miwili, akaliita jina langu, akaanza kulia kwa furaha. Binamu ikabidi akohoe, aseme ni mimi, shangazi, si yeye. Jicho la kushoto limefunga kabisa. La kulia bado linaona mwanga wa mlangoni.

Nikamwambia naja.

Kisha kanipa habari! Kwenye sanduku la marehemu bibi imebaki sarafu moja, bado imo kwenye karatasi ya chai. Dereva wa lori, jirani yetu, anakuja huku wiki ijayo, ataileta. Mama mwenyewe haioni vizuri, ila mke wa dereva kamwambia inang'aa zambarau na bluu pembeni.

Mungu hamtupi mja wake. Safari hii sikosei. Nimemwambia asiisugue, asiiguse na kitambaa, hata kidogo! Kaahidi. Lakini rangi mbili ni chache kwa jicho la yule mzee. Na kosa langu la mwanzo nimeshalijua: mayai ya huku ni ya kuku wa mashine, hayana nguvu. Nimemwambia aizike kwenye mayai ya kienyeji, sita, afunge kifuniko barabara, ije inaiva njiani.

Mama kauliza kama nina hakika. Nikamwambia mama, hii ni kazi ya kitaalamu. Kasema sawa, mwanangu, wewe ndiye mwenye macho. Nikamsikia akipapasa kutafuta sufuria.