Mutakatifu wa India Katika Shirika Letu

Siku ya kwanza, tarehe 6 mwezi wa tano
Deborah mwanangu, najua ukikuja utainua godoro na kusoma kaye hii ya siri zangu, kama kawaida yako. Basi soma. Tangu Noeli! Kutoka Bunagana mpaka hapa Keshero hata ng'ombe wanafika. Wewe unashindwa. Na usicheke herufi zangu, shule sikuiona, nilijifunza kwa wamama wa parokia.

Habari ni hii. Mwezi wa Maria sanamu ya Bikira inazunguka nyumba za shirika letu la sala. Inapolala, watu wanajaa: wanasali, wanakula, wanacheka. Kwangu haijalala hata mara moja. Emerance, présidente wetu, anasema niko na kinywa. Yeye anakulaka na nini?

Nyumba imenyamaza mpaka nasikia panya wakigombana.

Siku ya pili, tarehe 7
Akili imekuja. Nimenunua sokoni filme ya mutakatifu. Kwenye karatasi ya kifuniko kuna muzee wa ndevu, mwanga nyuma ya kichwa. Mutakatifu kabisa. Muuzaji amesema ni ya India, wanasema Kitelugu. Nikamujibu mbinguni hawaulizake viza. Nimealika shirika lote siku ya tano. Wakiona filme hii kwangu, watanyima nani sanamu?

Siku ya ine, tarehe 9
Emerance ametangaza rozari na mandazi kwake, kesho, saa ile ile yangu. Mwanamuke muchungu! Nakaanga sambaza: visamaki vya ziwa vitashinda mandazi yake.

Siku ya tano, tarehe 10
Wamekuja! Viti vimeisha, wengine kwenye mikeka. Hakuna aliyesikia neno. Nikasimama kando ya tivi, nikafasiria kama wanavyofanyaka kwenye nyumba za video. Kitelugu sikijui, lakini mateso nayajua. Muzee anafua nguo za watu, anaimba, jirani wanamucheka. Nikasema analia kwa sababu shirika lake halimutembelee. Mama Kasoki akalia. Na mimi pia.

Kisha muzee akapiga magoti mbele ya sanamu ya mama mwenye mikono mine. Kasoki akauliza mikono yote ya nini. Nikasema huyo ni mama wa watoto wengi. Akasema ni kweli, yake miwili haimutoshe.

Hapo umeme ukakatika. Mwisho hatukuuona.

Siku ya posho, tarehe 11
Balaa. Kwenye misa ya asubuhi Kasoki ameongeza kwenye litania: Mutakatifu Mufuaji, utuombee. Watu wakaitika!

Padri Buhendwa amekuja kwangu mwenyewe. Amesema kwa upole yule ni mutakatifu wa Wahindu, kwao wanamuheshimu sana, lakini litania si yake. Emerance, nyuma yake, amesema basi sanamu itanipita tena. Padri akaniuliza kwa nini nilifanya vile.

Nikasema: "Padri, nyumba yangu iko kimya."

Aliuliza kama sambaza zimebaki.

Siku ya Mungu, tarehe 12
Nilifunga mulango, nikalala. Wakagonga. Kasoki na wamama wote: wanataka kujua muzee aliishia wapi. Nikawasha tivi. Mwishowe akafika Emerance, sanamu kwapani, uso umevimba kwa hasira. Kwake hakubaki hata mumoja wa kusali naye. Akaiweka juu ya tivi, akaomba kiti.

Leo inalala hapa. Nyumba ina kelele, siwezi hata kuandika.

Deborah, ukikuja leta filme ingine. Ya mutakatifu mwanamuke. Dini yake usiulize.