Folda Iliyogoma Kufutika

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva. Hatimaye! Fundi wetu wa kompyuta amekwenda likizo ya uzazi, na Mama Mkurugenzi alikuwa akitafuta mtu mzima, mtulivu, mwenye elimu. Sikunyoosha mkono. Nilikohoa tu.

Nieleze kidogo. Seva ni kompyuta mama. Kompyuta zote za ofisi huenda kwake kuchota na kuweka, kama watoto kwenye mtungi mmoja wa maji. Na kwa kuwa mama huyu hupata joto upesi, chumba chake kimetiwa kiyoyozi. Ofisi nzima ya wapima ardhi inatokwa jasho; chumba kimoja tu kina baridi. Nimeshapeleka humo kiti, mto na chupa ya chai.

Shemeji hakufurahi. Huyu ni mdogo wa mke wangu, na ndiye mhasibu wetu. Chumba kile amekitamani tangu siku kiyoyozi kilipofungwa. Aliniambia kwa upole, shemeji, ule mtambo si kabati la majalada, usije ukatuaibisha. Wivu! Hauna dawa.

Kazi yenyewe ndogo. Seva imejaa, na wapima ardhi wakirudi na ramani zao hazipokelewi. Nimeagizwa nifute folda moja kubwa iitwayo FUTA BAADAYE. (Kwa Kiswahili cha darasani ni kabrasha, lakini ukilitamka ofisini watu hukutazama kama umevaa kofia mbili.) Ndani mna video ya sherehe ya ofisi. Nafasi ipatikane kabla ya Ijumaa mchana, la sivyo ufunguo unakwenda kwa shemeji. Nilicheka. Kufuta folda ni kazi ya kidole kimoja.

Kwanza nimeifungua mezani kwangu, ghorofani, niiage. Video ni nzito mno, lakini lawama si zangu; neno la shukrani nilipewa mimi, na shukrani hazikatwi katikati. Nimeisimamisha pale ninapoinua mkono na kusema "kwa hayo machache". Sura njema kweli. Nimeiacha hapohapo kwenye skrini inipe moyo, nikateremka kufuta.

Seva imekataa! Imeandika kwamba folda inatumika mahali pengine. Nimebonyeza tena. Imekataa tena. Nimeketi kwenye baridi kutafakari. Nimeamka saa ya kufunga ofisi.

Kompyuta ya mezani sikuizima. Mashine ni kama mzee: ukimwamsha kila asubuhi anakuwa mkali.

Jumanne, 8 Oktoba

Mbinu ya kwanza: jina. Folda inaitwa FUTA BAADAYE, basi nayo inangoja baadaye! Nimeligundua jambo hili peke yangu. Nimejaribu kuiita FUTA SASA HIVI. Imekataa hata jina jipya. Maneno yaleyale: inatumika.

Basi kuna mtu anaitumia. Nimepita meza hadi meza. Wapima ardhi nimewazimisha kompyuta mmoja mmoja, kila mmoja na maelezo yake. Mpimaji mkuu akauliza kama na mimi nimezima yangu. Nikamjibu kwamba askari anayesaka mwizi hajipekui mifuko. Wamecheka sana. Vijana hawa wanapenda mifano.

Shemeji alikuwa wa mwisho kuzima. Anayekawia ana lake. Nimemtia alama.

Folda ipo.

Jumatano, 9 Oktoba

Mbinu ya pili: kumkata mwizi mkono. Nimeingia chumba cha seva asubuhi, nikachomoa waya unaokwenda uhasibu. Nikabonyeza kwa madaha. Imekataa! Nikiwa bado naishangaa, nikasikia kelele juu. Kumbe shemeji alikuwa ndani ya hesabu za mishahara, na zote zimemkatikia. Mama Mkurugenzi aliniita. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniuliza, mzee wangu, umechomoa mishahara ya watu? Nikamwambia nimeisimamisha kidogo tu, kwa uchunguzi.

Shemeji akapita mlangoni akiniambia ameshaanza kutafuta mto wake mwenyewe, maana wangu umebonyea.

Nimempigia fundi simu, si kwa kuomba msaada, bali kumjulia hali mzazi. Kichanga kilikuwa kinalia. Nikamdokezea habari za folda. Akaniuliza, mzee wangu, wewe mwenyewe hujaiacha wazi mahali? Nikamwambia, mwanangu, mimi siachi wazi hata droo. Hata mezani kwako? Nikamweleza kwamba mezani kwangu hakuna kitu, ila mimi mwenyewe kwenye skrini nimeinua mkono. Kisha akaanza, sasa mzee wangu, huyo wewe uliyeinua mkono... Mtoto akapiga yowe. Nikamwambia nenda, mwanangu, mtoto kwanza. Maskini, hajalala siku nyingi. Maswali yake yanazunguka palepale.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mbinu ya tatu: mateso. Nimeizimia seva kiyoyozi, ilainike. Nimejifungia nayo tutazamane. Wa kwanza kulowa jasho ni mimi. Nimewasha.

Jioni shemeji alikuja kwetu kumsalimia dada yake, au tuseme kuutazama ufunguo. Nilikuwa nimeketi mkekani, nachora ramani ya mashambulizi ya kesho. Mke wangu akataka kuukunja mkeka apate kufagia. Akavuta. Haukuja. Akavuta tena. Nikamshauri ashike pembe badala ya katikati, nikamweleza habari za msuguano, tena kwa mifano. Akajishika kiuno. "Mume wangu, mkeka hauna ugomvi na mtu. Umeukalia!"

Shemeji akacheka hadi chai ikampalia.

Nikainuka, mkeka ukaja. Jambo dogo. Naliandika ili ijulikane mtu mwenye fikra nzito anasumbuliwa vipi nyumbani kwake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ushindi! Lakini tufuate mpangilio.

Mama Mkurugenzi aliteremka pamoja na mpimaji mkuu, aliyekuwa na ramani zake kwapani, na shemeji. Mto wake alikuja nao! Nikabonyeza mbele yao. Imekataa. Mama Mkurugenzi akashusha pumzi, akanyoosha kiganja kuupokea ufunguo. Nikaona kiti changu, chupa yangu ya chai, usingizi wangu wa adhuhuri, vyote vinahama.

Nikaomba mara moja ya mwisho. Mbinu ya nne, niliyoiota usiku: dharau. Nikawaeleza tabia za paka. Ukimwita, haji. Ukimpa mgongo, huyo miguuni. Folda nayo ina moyo wa paka. Kosa letu wiki nzima ni kuitazama mno. Shemeji akasema, huku akipiga miayo, kwamba paka huyu ana mkia mrefu, yeye anapanda juu kuchemsha chai. Akaenda. Nikaendelea hadi paka akaeleweka vizuri.

Kisha nikageuka. Nikaipa seva mgongo. Nikapeleka kidole nyuma, nikabonyeza.

"Imekwenda!" mpimaji mkuu akapiga kelele. "Mzee, imekwenda!"

Imekwenda kweli! Nafasi tele. Ramani zikaingia zote. Mama Mkurugenzi alinipa mkono na kuniachia ufunguo. Aliuliza kama kweli ni mgongo. Nikamwambia elimu haina mwisho.

Tulipopanda juu, nikakutana na ufidhuli. Shemeji amechomoa waya wa kompyuta yangu, akachomeka birika lake la umeme! Skrini nyeusi, sura yangu haipo, na mvuke unapiga ukuta. Nilitaka kumgombeza, lakini mshindi hana kisirani. Mpimaji mkuu akalitazama birika, akautazama waya, akanitazama mimi, akaketi chini akicheka hadi machozi. Furaha ya ramani. Kisha akamnong'oneza shemeji jambo. Shemeji akajishika kichwa kwa mikono miwili, birika likiendelea kutokota.

Kushindwa kunauma.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mama Mkurugenzi amenipa folda nyingine, MICHORO YA ZAMANI. Sharti lilelile: kabla ya Ijumaa hii mchana. Wanaonijua wananipa kazi.

Nimeanza kwa utaratibu. Nimeifungua mezani kwangu, nimtambue adui kwa sura. Kwenye soketi nimebandika karatasi: USICHOMOE. Kisha nikateremka, nikaipa seva mgongo, nikabonyeza.

Imekataa. Hii ni paka jike, nadhani. Inataka mgongo mrefu zaidi. Nimeipa mgongo hadi jioni. Shingo imekakamaa.

Shemeji amekuja mlangoni akitabasamu, birika mkononi. Akaniuliza kama nataka alichomeke pale kwenye soketi yangu, kwa hisani tu. Nikamwambia labda nikishakufa. Akasema basi, shemeji, hana haraka; chai yake ataichemsha Ijumaa, kwenye kiyoyozi.

Naandika haya nyumbani. Mke wangu ameshika tena pembe ya mkeka, anavuta, hauji. Nimemwambia ageuke nyuma, aupe mgongo, kisha avute asikate tamaa.