Saaru ya Wifi na Mashine Tatu

Jumatatu, 5 Februari
Haya simu, mimi nasema, wewe andika. Ijumaa mjukuu wangu Chaitra anaolewa. Mwenye saaru, ule mchuzi wa ukwaju na pilipili, ndiye humimina upawa wa kwanza. Niwe mimi! Tatizo, wazee watasikiliza sauti za ukoo, zile rekodi zetu za kumbukumbu, wajue saaru ni ya nani. Na miaka minne nyuma nilisema kwa kinywa changu kwamba saaru alinifunza wifi Kamakshi. Nilikuwa na homa! Nikamwambia Vasudha, mke wa mwanangu, afute hilo jina tu. Akacheka. Ati mama, faili likishatiwa muhuri halibadiliki, hata mimi niliyelitengeneza siwezi. Kichwa huyo binti! Kahawa yake tu, sukari haba.

Jumanne, 6 Februari
Kumbe sauti iko kwenye mashine tatu: hapa Bengaluru, Mysuru kwa wifi, Hubballi kwa mpwa wangu Basavaraj. Nikachomoa waya wa hii ya hapa. Nikamwambia Vasudha niletee sauti. Ikaja! Ameitoa Mysuru. Nikapiga makofi, nikajisahau.

Jumatano, 7 Februari
Nikamwapia Basavaraj: usipoiharibu ya kwako, chakula changu hukionji tena. Akaiharibu, maskini. Chai haijapoa, mashine imeona yake hailingani na za wenzake, imejinakilia nzima. Ati shangazi, hii kitu ina akili kuliko ukoo wetu wote. Kweli. Mashahidi watatu, ukimhonga mmoja wawili wanakuumbua.

Alhamisi, 8 Februari
Vasudha kasema la zamani haliguswi, ila jipya laweza kuwekwa kando yake. Basi! Nikasema saaru ni ya marehemu mama yangu, Kamakshi hajui hata kukaanga giligilani. Akauliza mara mbili, una hakika mama? Tia muhuri!

Jumamosi, 10 Februari
Jana zikasikika zote mbili, ya zamani kisha mpya, mbele ya ukumbi mzima. Vicheko! Wifi akauliza, haya wifi, homa imerudi? Upawa akashika yeye. Saaru tamu, sisemi uongo. Na Vasudha nimemsifu hadharani: kazi yake chuma.

Mwezi wa tano anaolewa mjukuu wangu mwingine, Deepti. Safari hii upawa nitauficha kwenye pipa la mchele, wifi autafute mpaka wageni waondoke. Nimemwambia Vasudha aitie muhuri shajara hii leo leo, wifi asipate kuichezea. Akauliza, iende na Mysuru, mama? Peleka kote! Siri ikae salama.