Mkojo Umegoma, na Galal Asijue

Jumatatu, 13 Januari
Mafua. Iskanderia nzima inapiga chafya. Mke wangu Inshirah anasema niende kwa daktari. Daktari wa nini? Nimenunua vidonge vya mafua, vile vikali, nikameza viwili viwili. Pua imekauka kama jangwa. Ushindi!

Jumanne, 14 Januari
Pua imekauka, na huko chini nako kumekauka. Matone tu. Nikabuni mpango: maji ya shayiri, birika zima. Kinachoingia lazima kitoke! Kimeingia. Hakijatoka. Nikafungulia bomba bafuni nilisikilize, labda litanishawishi. Inshirah akagonga mlango: "Baba Samiha, unaoga au unahamisha bahari?"

Hospitali siwezi. Kwenye chumba cha dharura yupo daktari Yusra, binti wa Galal. Galal ndiye jirani wa ghorofa ya juu, anayenifunga kwenye mchezo wa tawla kila wiki na kunitania mbele ya mkahawa mzima. Akilijua hili, nihame mji.

Jumanne, jioni
Nimekwenda. Maumivu hayana adabu. Nikajizungushia shali ya Inshirah usoni, nikasema naitwa Ramzi, tumbo linauma, nadhani ni maharage.

"Shikamoo, Amu Bakhit," akasema Yusra.

Akauliza mara ya mwisho nimekojoa lini. Nikamjibu muungwana haulizwi hivyo. Akabonyeza chini ya kitovu. Muungwana akapiga ukelele, chumba kizima kikageuka. Akauliza kama nina homa, kama miguu ina ganzi, nimemeza dawa gani. Nikataja vidonge. Akafumba macho.

"Amu, tezi dume yako imekua, njia imekuwa nyembamba. Vidonge vimefunga mlango, halafu wewe ukaongeza birika!"

Mpira wa kutolea mkojo ukapita. Sitaandika ulipopita. Lakini mfuko ulipoanza kujaa... Ee Mola! Nililia. Nikamwombea dua Yusra na ukoo wake wote, Galal akiwemo. Kisha nikamsihi asimwambie babake. Akasema ya mgonjwa hubaki kwa mgonjwa. Hee! Mtoto wa Galal huyo!

Alhamisi, 16 Januari
Galal kaja na machungwa. Kwa hiyo kaambiwa! Nikamrukia: "Bintiyo hana siri! Mpira wangu wa mkojo mji mzima unaujua?"

Galal akaduwaa. "Mpira gani? Mimi nimesikia una mafua."

Inshirah akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Nikangoja kicheko. Hakikuja. Galal akasogea, akaninong'oneza kwamba naye alivaa mpira huohuo kiangazi kilichopita, wakati ule aliposema yuko Tanta kwa dada yake. Na Yusra tunapishana naye ngazini kila siku. Hakunidokezea hata kidogo!

Tukala machungwa. Akanifunga tawla mara mbili na hakunitania. Iliniuma zaidi.

Jumanne, 21 Januari
Mpira umetolewa. Nimekojoa mwenyewe! Inshirah kapiga vigelegele nje ya mlango. Yusra kanipa dawa ya tezi na siku ya kumwona daktari bingwa, akaniapisha nisitumie dawa yoyote tena bila kumuuliza. Nimeapa. Mimi ni mtu wa neno langu.

Sikio la kushoto limeziba tangu asubuhi, lakini hilo si jambo la kumsumbua daktari. Mwenye gari la farasi pale kona ana mafuta ya chupa nyeusi. Anasema farasi wake siku hizi anasikia hata mawazo.

Nimemimina chupa nzima.