Mrija Usio na Seli

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya kudumu ni moja, sisi tuko wawili: mimi na Bi Taratibu. Mkuu wa maabara kasema atakayeleta matokeo bora ya seli za kinga kufikia Alhamisi ndiye atakayebaki. Mwingine mkataba wake basi. Na mama mkwe nimeshamwambia kwamba nafasi nimepata. Mdomo utaniponza kichwa.

Jumanne, 4 Machi
Kazi yenyewe haina siri. Unachukua kingamwili zilizotiwa iodini yenye mionzi, unazichanganya na seli, zinanata. Kisha unaosha mara tatu, zile ambazo hazikunata zimwagike. Halafu mashine inahesabu mionzi iliyobaki. Kila kuosha, nusu saa. Bi Taratibu anaosha huku akijiimbia. Mimi sikuosha. Nani atajua?

Jumatano, 5 Machi
Namba zangu ni mara ishirini ya zake! Mkuu kanipiga bega, kasema hajapata kuona kitu kama hiki. Bi Taratibu kaitazama karatasi yangu, kauliza kwa upole kama nimepima na mrija mtupu, ule unaotiwa kingamwili bila seli. Nikamjibu kwamba wivu si mzuri. Sikuwa nimeupima. Mke wangu kaniuliza mbona sili. Nikasema ni furaha.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu kaagiza niandae mrija mtupu vilevile nilivyoandaa ile mingine, upimwe mbele ya wote. Nikashauri mashine ipumzishwe kwanza. Hakunisikia. Namba ikatoka: ileile. Yaani kingamwili zangu zimenata kwenye seli ambazo hazipo. Mkuu akauliza niliosha mara ngapi. Nikasema inategemea mtu anaelewaje kuosha. Njia ya mwongo fupi kweli. Nafasi kapewa Bi Taratibu. Halafu yeye mwenyewe akaniombea miezi mitatu chini yake, kazi yangu kuosha tu. Nusura nilie. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe katuma pongezi za kazi mpya. Sikumsahihisha. Nimeosha mirija arobaini, mara tatu kila mmoja, mgongo hauna hali. Jioni Bi Taratibu kaja kukagua. Kapima ule mrija mtupu tu, kaona namba yake iko chini, kaniambia nimefanya vizuri, kaenda zake. Mingine hakuigusa.
Nimewaza sana, na kosa langu nimeliona. Jumatatu nitaosha mara tatu, tena kwa makini. Ule mtupu tu.