Dosye Mbili, Lori Moja

Jumanne, 8 Juni 1976

Baridi ya kukata masikio. Leo chuo cha jioni kimebandika tangazo: mtu mzima mwenye uzoefu wa kazi na maisha anaweza kusamehewa mwaka wa kwanza wa masomo ya biashara. Alete dosye ya karatasi zenye saini na muhuri, alete shahidi, ahojiwe na jopo la walimu. Hatimaye! Miaka kumi na tisa nimekaa katika depo, ghala la kampuni ya shaba, nikihesabu misumari, na hakuna aliyeniona. Mkuu wetu wa ofisi anastaafu mwisho wa mwezi. Bosi amesema kiti chake atakikalia mwenye barua ya kuingia mwaka wa pili. Kiti kinakuja na nyumba Makomeno, mtaa wa wakubwa wa kampuni. Bafu ndani!

Clovis naye anakitaka. Clovis wa meza ya jirani! Tangu serikali ipige marufuku majina ya Kizungu anajiita citoyen Mulenga, yaani raia Mulenga, lakini kichwa ni kilekile cha Clovis. Anasoma mwaka wa kwanza jioni baada ya jioni, daftari kwapani kama mtoto wa shule. Nitauruka huo mwaka kwa siku moja.

Alhamisi, 10 Juni

Nimeandika uzoefu wangu wote. Nusu ukurasa. Kuhesabu misumari. Kuhesabu bolti. Kuhesabu misumari upya baada ya Clovis kukosea.

Nikafikiri. Nani ndani ya nyumba hii anafanya biashara? Mke wangu Feza. Mwaka wa kumi na mbili huu anakwenda Kasenga, ananunua samaki, anawaleta kwa lori juu ya barafu, anauza sokoni. Na mali ya mke ni ya nani? Na hao samaki, mlaji mkuu ni nani? Basi. Nimeandika kurasa tisa: nilivyobishana na wavuvi wa mto Luapula huko Kasenga, nilivyopanga barafu, nilivyolala barabarani na mvua. Nilipozisoma nilijionea huruma.

Feza sijamwambia. Mambo ya chuo atayajulia wapi? Alikomea darasa la sita. Kusoma kwake ni magazeti ya kufungia samaki.

Jumamosi, 12 Juni

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya usafi. Mtaa mzima tumezibua mtaro. Mimi nilisimamia. Sikuombwa, lakini mtu mwenye uongozi damuni haombwi.

Mchana nimesaini dosye yangu, nakala tatu, na kuipiga muhuri wa depo niliouazima bila kusumbua mtu. Feza akaja na karatasi zake nne. Akasema ni mambo yake ya biashara, yanataka saini ya mume. Kweli, sheria ni sheria: mke hafungui hata sanduku la posta bila idhini ya mumewe. Nikasaini zote bila kusoma. Mtu mkubwa hasomi, anasaini. Nikazigonga na muhuri pia, mara mbili, zipendeze. Feza alinishukuru mno. Jioni nikapewa kichwa cha samaki peke yangu.

Jumatatu, 14 Juni

Shahidi nimempata: Aruna, dereva wa lori la Kasenga. Nimempa sweta yangu ya sufu ili aseme biashara ni yangu. Kwanza aliivaa. Kisha akauliza: yaya, kaka yangu, na Mama Asani anajua? Mama Asani ndiye Feza, Asani ni mtoto wetu wa kwanza. Nikamwambia dereva aangalie barabara. Akasema sawa, atasema yale aliyoyaona kwa macho. Vizuri! Sitaki zaidi ya hapo.

Clovis leo ameniazima daftari lake la uchumi, eti litanisaidia. Dharau ya wazi. Nimelikalia mchana kutwa, benchi la depo lina baridi.

Jumatano, 16 Juni

Naandika kwa hasira.

Nilivaa abakosti mpya, ile suti isiyo na tai, nikafunga vifungo hadi kidevuni. Jopo lilikuwa na walimu watatu. Mkubwa wao ni profesa Chola, mama wa miwani asiyecheka. Akauliza: lori limekufa njiani, barafu inayeyuka, mji uko mbali siku mbili, utafanya nini? Nikajibu ningeandika barua kwa mkuu wa kituo, nakala tatu. Akauliza kama samaki wataingoja barua. Nikasema inategemea barua imeandikwaje. Wakatazama dari.

Wakamwita Aruna. Akaingia na sweta yangu. Akasema Kasenga ameniona mara moja tu, tulipokwenda harusi, na nilitapika ndani ya lori kwenda na kurudi. Mwenye samaki ni Mama Asani, miaka yote. Msaliti! Na sufu yangu inamtia joto!

Ndipo profesa akafungua dosye ya pili. Lori lilelile. Samaki walewale. Miaka ileile kumi na miwili. Shahidi yuleyule. Nikasimama, nikapiga meza, nikasema kuna mwizi ameiba maisha yangu, aletwe hapa tumwone. Mlango ukafunguliwa, na mwizi akaingia amevaa kitenge cha sikukuu. Feza!

Akaulizwa swali la lori. Hakuvuta hata pumzi. "Napasua samaki pale pale, natia chumvi, nawasha moto. Bantu ba kijiji banaleta kuni, miye nabapa bichwa bya samaki. Siku ya tatu naingia mujini na samaki ya kukauka, na hakuna hata mumoja ameoza." Profesa aliandika ukurasa mzima. Nilipozungumza mimi, kalamu ilikuwa imelala.

Nikaikumbuka sheria. Nikasema kwa sauti ya kiume: idhini ya mume iko wapi? Mimi ndiye mume, na sijatoa! Profesa akanisogezea karatasi. Saini yangu, na mkia wake mrefu. Muhuri wa depo, mara mbili. Akasema, citoyen Sumaili, tangu aanze kazi hajaona mume aliyeidhinisha kwa moyo mweupe namna hii. Walicheka wote. Hata Aruna.

Njiani Feza aliniambia tangazo alilisoma wiki mbili kabla yangu, gazetini, alipokuwa anafunga samaki. Akasema alitaka kuniambia, lakini nilikuwa nikizungumza. Kisha akasema: "Baba Asani, weye kazi yako iko kukula samaki tu," na akanifunika kitenge chake mabegani, maana sweta yangu alikuwa nayo Aruna. Kwa dakika moja nilimwonea fahari. Ilipita.

Ijumaa, 2 Julai

Clovis amefaulu mtihani, amepata kiti, leo amehamia Makomeno. Ofisi nzima tulimbebea vitu. Mimi nilipewa kabati. Bafu nimeliona. Lina vigae.

Feza amesamehewa mwaka mzima. Oktoba anaingia wa pili, darasa moja na Clovis, na tayari wanasoma pamoja daftari nililolikalia. Mimi jopo halikunisamehe hata saa moja ya hesabu.

Lakini kosa langu nimeligundua. Niliandika samaki, wakati uzoefu wangu halisi ni uongozi! Feza angekuwa wapi bila saini yangu? Nimeanza dosye mpya: miaka kumi na tisa ya kuidhinisha. Shahidi ni Aruna tena. Safari hii nimempa na viatu.

Feza ameniletea sasa hivi karatasi tatu nyingine. Anasema anapanua biashara. Kwa jicho moja nimeona jina langu, halafu "mlinzi wa barafu", halafu "Kasenga, kuanzia Jumatatu". Sikuendelea. Mtu mkubwa hasomi. Nimesaini zote, na muhuri mara mbili.