Chiriku Awasafisha Watu kwa Kiingereza

Chiriku alikuwa hajala tangu jana aliposikia mwenye gesti akifoka kuwa televisheni ya mapokezi imeibwa. Akaingia, suti imenyooka, mfuko mtupu.

"Mzee, mimi mpelelezi. Tena napeleleza kwa Kiingereza."

"Kwa nini Kiingereza?"

"Kina ngazi! 'Might have stolen', huenda aliiba. 'Can't have stolen', huyo hakuiba, mwacheni. 'Must have stolen', ndiye huyo huyo, fungeni kamba!"

Mwenye gesti, aliyekiheshimu Kiingereza kuliko alivyokielewa, akampa chumba.

Mpishi akamfuata mbio. "Kaka, mimi umeniweka ngazi gani?"

"Uko kwenye 'might', ndugu yangu. Mchuzi wako una nyama chache."

Mchana nyama zilifurika sahani, na Chiriku akatangaza, "The cook can't have stolen it!" Mpishi nusura alie. Dobi alinunua 'can't' yake kwa kumpigia pasi suti. Mlinzi kwa godoro lake, akalala sakafuni. Hata mke wa mwenye gesti alileta kuku mzima. "Shemeji, nisisahaulike." Hakusahaulika. Haki ilitendeka, na ikashiba.

Siku ya hukumu wote wakajaa mapokezi. Chiriku, asiyetaka kumuudhi mteja hata mmoja, akamtungia mwizi wa mbali. "Must have been a stranger! Mgeni, nguo safi, ulimi mtamu."

Macho yote yakaishukia suti yake.

"Jamani, mimi nilikuja baada ya wizi!"

"Mbona siku ya wizi nilimwona na mzigo begani?" akasema mlinzi, mbavu bado zinamuuma.

"Hata mimi!" akadakia mpishi.

"Fungeni kamba," akasema mwenye gesti.

Chiriku akachomoka kupitia jikoni, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Kwenye mlango wa uani alimkuta mke wa mwenye gesti, ametangulia, anamfungulia komeo.

"Mama, wewe angalau unajua sikuiba!"

"Najua, shemeji. Niliiuza mwenyewe." Akampangusa vumbi begani kwa upole. "Ila sasa nimeshasafishwa, tena kwa Kiingereza. Haya, pita."

Chiriku akapita. Mama akahesabu hatua zake chache, akavuta pumzi, akapiga ukelele uliotikisa mabati:

"Mwiziii! Kapita huku!"